Moshi kwanza, sukari baadaye: kisa cha mishikaki ya wifi

Jumamosi ile nilipofika Tabata kwa wifi yangu nilikuta sinia mezani limefunikwa kanga, naye ameketi pembeni yake kama mfiwa. "Funua mwenyewe," akaniambia. Nikafunua. Vijiti thelathini hivi vya mishikaki, vyeusi tititi, vinang'aa kwa sukari iliyoungua. Nikauma kimoja. Ganda la nje likavunjika kama peremende na kuniachia uchungu ulimini, kisha meno yakafika katikati: nyama mbichi, nyekundu, inatoa maji. Mwisho kabisa, nilipokwisha kumeza, ikapanda puani harufu ya mafuta ya taa.

Nikamwambia ukweli kwamba haiuziki. Akasema hilo analijua, ndiyo maana kaniita.

Alikuwa amepata oda yake ya kwanza kubwa, vitafunwa vya sendofu ya watu 80, na zilibaki wiki mbili. Mteja alimtumia video fupi kwenye simu: vipande vya nyama vya mraba, rangi ya kahawia iliyokolea, vimevikwa rojo tamu linalovutika, moshi unafuka. Chini yake kaandika, "Nataka hivi hivi, ila viwe kwenye vijiti." Wifi kaitazama video mara kumi, kaenda bucha, na hilo sinia ndilo lililotokea.

Nikamwomba anisimulie alivyofanya tangu mwanzo, asifiche kitu, nami nikawa naandika nyuma ya bahasha. Alinunua steki kilo tatu, akamwambia mwenye bucha aondoe mafuta yote, anataka nyama safi. Akakata vipande ukubwa wa kiberiti. Akatia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, nusu papai bichi la kukwangua, kikombe cha sukari na kikombe cha asali, akalaza usiku kucha kwenye friji. Asubuhi akamwagia mkaa mafuta ya taa, akawasha, na moto uliposhika tu akapanga vijiti. Mvua ikaanza. Akaliingiza jiko jikoni, akafunga mlango ili mvua isirushe ndani, akapepea. Dakika chache tu nyama ikawa nyeusi. Akaionja, hakuna hata dalili ya moshi. Basi akachukua kaa la moto, akaliweka kwenye kibakuli katikati ya sufuria ya nyama, akalidondoshea samli, akafunika kwa nusu saa. Ndipo nyama ikanuka kama chetezo.

Kabla sijagusa habari ya mapishi nilimuuliza kuhusu ule mlango. Binti yake mdogo alikuwa amelala kwenye kochi mchana mzima, kichwa kinamuuma, asubuhi alitapika, na wao walidhani ni malaria. Inaweza kuwa malaria kweli, na nilimwambia wampeleke akapimwe. Lakini mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza ndizo hizo: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Inaua watu usingizini. Mvua ikinyesha, ahirisha, au sogeza jiko barazani penye upepo. Jikoni, mlango ukiwa umefungwa, hapana, hata kwa dakika tano.

Tukarudi kwenye video. Niliitazama nikagundua kwamba wifi hakukosea kuiga. Aliiga vizuri sana robo saa ya mwisho ya kazi ya siku nzima.

Vile vipande vina asili yake, nayo ni Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani. Huko wachomaji huchukua kidari kizima cha ng'ombe na kukiweka kwenye moshi wa kuni kwa saa kumi au zaidi, kwenye joto la chini, nyuzi 110 hadi 130 za sentigredi. Zamani ncha zenye mafuta, zilizokauka na kuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine, zilikatwa zikawekwa kando, na wateja waliosubiri foleni wakawa wanazidokoa bure. Watu wakazipenda kuliko nyama yenyewe, na leo zinauzwa kwa bei ya juu. Anayezitengeneza sasa huzikata mraba zikiwa zimeshaiva na kulainika, ndipo anazichanganya na sukari na rojo, anazirudisha kwenye joto lile lile la chini mpaka zishike. Video ilianzia hapo. Saa kumi za nyuma mpiga video hakuzionyesha, kwa sababu nani atakaa atazame nyama inakaa kwenye moshi saa kumi?

Sasa weka hayo kando ya alichofanya wifi. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli karibu nyuzi 160, kisha ikaungua. Asali ina fruktosi nyingi, nayo hubadilika mapema zaidi, karibu nyuzi 110. Kwenye joto la yule mchomaji wa Missouri rojo linakauka polepole na kuwa zito. Kwenye wavu ulio juu ya makaa mekundu joto hupita nyuzi 250 bila taabu, na sukari iliyolala na nyama usiku kucha, imejaa kila upande, haina pa kukimbilia. Inakuwa nyeusi ndani ya dakika chache. Mpishi akiona weusi anadhani nyama imeiva, anaitoa. Kipande chenye unene wa kiberiti kwa wakati huo joto halijafika katikati.

Papai nalo lilikuwa na mchango wake. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokatakata protini ya nyama. Saa moja, saa mbili, kiasi kidogo, ni msaada. Usiku kucha, nusu papai kwa kilo tatu, ngozi ya nyama inakuwa kama uji, na uji ule ukichanganyika na asali unashika moto haraka kuliko nyama kavu. Nilipokwangua ule weusi kwa kisu chini yake palikuwa na utando laini kama ini. Na papai halifiki katikati ya kipande. Linalainisha pale linapogusa tu, kwa hiyo ukaona nje imevurugika na ndani bado mpira.

Jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa la moshi. "Wifi, si nimetumia mkaa? Moshi umekwenda wapi?" Umebaki porini. Mkaa ni kuni zilizokwisha kutoa moshi wake kwenye tanuri la mchoma mkaa. Vile vitu vyenye harufu vinavyotoka kuni zikiungua vimeondoka kule kule, kilichofika sokoni ni kaboni na majivu. Mkaa ulioshika vizuri unatoa joto na karibu hakuna harufu. Ule moshi tunaouonja kwenye mishikaki ya barabarani, au ile ya Forodhani kule Unguja, unatoka kwenye mafuta ya nyama yanayodondokea makaa na kupanda tena. Ndiyo maana muuza mishikaki anachomeka kipande cha mafuta kati ya nyama na nyama. Wateja wengine wanadhani anapunja. Wifi alilipa pesa ili mafuta yote yaondolewe, kwa hiyo aliuondoa moshi bucha kabla hajafika nyumbani.

Kufukiza kwa kaa na samli si vibaya. Mapishi ya biriani hutumia njia hii sana, na anayekaa gorofani asiye na ua anaweza kuitegemea. Ila ni dakika tano, isizidi kumi, na kaa liwe limeshika mpaka limevaa majivu. Wifi aliacha nusu saa, tena kwa kaa lililowashwa na mafuta ya taa.

Kwa kifupi mambo aliyapindua. Sukari ilitangulia, moshi ukaja mwisho. Moshi hushika vizuri kwenye nyama ikiwa bado mbichi, baridi na yenye unyevu, na uso ukishakauka na kufunga haupokei tena kama mwanzo. Sukari kazi yake ni dakika za mwisho.

Jumamosi ya pili tulianzia bucha, saa moja asubuhi. Nilitaka nundu. Mwenye bucha alicheka, akasema nundu huagizwa tangu jana, ng'ombe mmoja ana moja tu. Kwa bahati aliyekuwa ameagiza hakutokea. Tukachukua nundu kilo mbili na kidari kilo moja. Nundu ya ng'ombe wetu wa kienyeji ni nyama ambayo Mmarekani hana, kwa sababu ng'ombe wake wengi hawana nundu. Imepitiwa na mafuta nyuzi kwa nyuzi, na imejaa kolajeni, ile mishipa migumu ambayo ikipikwa polepole inayeyuka kuwa jelatini na kuifanya nyama iteleze mdomoni. Wabrazili wanaiita cupim na wanaichoma kwa saa nyingi. Sisi mara nyingi tunaitupia kwenye mchuzi tu. Steki, kwa kazi hii, ni hasara: ukiichoma haraka ni tamu, ukiiweka kwenye moshi saa mbili inakuwa mbao.

Tukakata vipande vya sentimita tatu kila upande, kila kimoja kama gramu 25, tukapata 120. Chumvi gramu 15 kwa kilo, yaani vijiko viwili na nusu vya chai, pilipili manga, binzari nyembamba, basi. Papai halikuonekana, wala asali.

Jiko lake ni lile refu la bati nene, la mishikaki, kama sentimita 70. Makaa tuliyawasha kwa karatasi na vibanzi vikavu, tukasubiri nusu saa mpaka yakavaa majivu meupe, tukayasukuma yote upande mmoja. Upande wa pili hatukuweka kitu chini ila trei yenye maji kidogo ya kukinga mafuta. Juu yake wavu, nyama juu ya wavu, na sufuria kubwa la pilau limepinduliwa kufunika kila kitu, ukingo mmoja umeinuliwa kwa jiwe ili hewa ipite. Ukipeleka mkono unaona si joto la kuchoma, ni joto la tanuri la mkate. Nilikuwa na kipimajoto cha jikoni, nikakichomeka pale penye jiwe: kilicheza kati ya 115 na 125.

Kuni za moshi zilileta ubishi. Wifi ni mtu wa Newala, akataka tutumie maganda ya korosho, kwao yapo tele. Nikakataa. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake si wa kuupeleka karibu na chakula wala macho. Mbao za fundi seremala nazo tukaziacha, huwezi kujua zimepakwa dawa gani. Jirani alikuwa amepogoa mpera tangu mwezi wa sita, matawi yamekauka vizuri, tukapasua vibanzi vya ukubwa wa kidole. Hatukuviloweka. Watu hupenda kuloweka, lakini kuni iliyoloa kwanza inatoa mvuke, inapoza makaa, halafu inatoa moshi mzito mweupe, na huo ndio unaoleta uchungu.

Hata vibanzi vikavu vilianza na moshi mweupe. Wifi alishashika sinia, anataka kupanga. Nikamzuia. Tukakaa dakika saba tukitazama moshi mpaka ukawa mwembamba, wa rangi ya bluu hafifu, ukiunusa unasikia utamu. Hapo ndipo akapanga. Konzi moja ya vibanzi kila dakika ishirini, kwa saa ya kwanza tu. Baada ya hapo nyama haihitaji moshi zaidi, inahitaji joto.

Saa mbili zilipotimia vipande vilikuwa na rangi ya mninga uliopigwa vanishi, katikati nyuzi 78. Wifi akaonja kimoja, akafumba macho, akasema, "Moshi upo." Akaendelea kutafuna. Akatafuna sana. "Lakini meno sasa." Ilikuwa ngumu kama soli, na nilitegemea hivyo, kwa sababu kolajeni haijayeyuka kwa nyuzi 78 na saa mbili. Tukahamishia kundi la kwanza la vipande kwenye sufuria ndogo, vitunguu maji viwili vilivyokatwa, kikombe cha maji ya ukwaju, mfuniko, kwenye jiko la gesi, moto wa chini kabisa, saa moja. Hapo gesi haina dhambi, moshi umeshaingia tayari.

Wakati vinatokota tukatengeneza rojo. Gramu 200 za sukari guru, nusu kikombe cha ukwaju mzito, kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, pilipili kichaa moja, chumvi. Likachemka mpaka likawa linavaa mgongo wa kijiko. Sukari guru nina mapenzi nayo, nakiri, lakini hapa ina sababu: ina ladha ya miwa iliyopikwa, inakaribiana na moshi, wakati sukari nyeupe ni tamu tu, haina la kusema. Ukwaju ndio unaozuia ulimi usichoke. Oman, ambako mishikaki huitwa mishkak na huuzwa kando ya barabara jioni, huiuza na mchuzi wa ukwaju vilevile, na ukila nyama yenye mafuta bila kitu kichachu kipande cha tatu kinakukinai.

Sasa kosa letu, maana tulikosea. Baada ya saa moja nyama ilikuwa nyuzi 92, laini kupita kiasi. Tukaanza kuchomeka vijiti. Kila kijiti kilichoingia kipande kinapasuka. Tukapata vitatu vizima kwa taabu, tukavipaka rojo, tukaviweka juu ya makaa, na viwili vikaanguka motoni mbele ya macho yetu. Kundi la pili la vipande, tulilokuwa tumeliacha kwenye moshi, tukalitokosa dakika 40 tu, vikashika kijiti, lakini ile hali ya kuyeyuka mdomoni ikapungua. Nilikuwa tayari kukubali hiyo dakika 40 kama suluhu.

Wifi hakukubali. Alikwenda kabatini akarudi na njiti za meno. Akavipaka rojo vile vya saa moja, akavitandaza kwenye wavu mdogo wa kuokea samaki, ule wa kufunga pande mbili, akaupitisha juu ya makaa dakika mbili upande huu, mbili upande ule, akapaka tena, dakika moja. Mafuta yakadondoka kidogo, moshi ukapanda, rojo likatokota na kushika bila kuwa jeusi. Akachomeka njiti ya meno kila kipande, akanipa. Ganda la juu lilinata, halikuvunjika. Chini yake nyama ikaachia yenyewe, kwanza utamu, kisha uchachu, na moshi ukabaki kinywani nilipokwisha kumeza, pale pale yalipokuwa mafuta ya taa wiki iliyopita.

"Kaandika anataka vijiti," nikamkumbusha. "Na hivi ni vijiti," akasema, "ila ni vifupi." Akapiga picha, akamtumia mteja papo hapo. Mteja akajibu kwa moyo mwekundu.

Palibaki suala la hesabu, nalo lilikuwa zito kuliko la mapishi. Tulipima: kilo tatu mbichi zilitoka kilo moja na gramu 800. Maji na mafuta vimekwenda. Wifi alikuwa amempa mteja bei ya kilo nne za nyama, akihesabu vipande vitatu kwa kila mgeni, yaani vipande 240, yaani kilo sita mbichi. Angefanya kazi siku mbili ili apate hasara, na hapo mkaa haujahesabiwa. Kupandisha bei baada ya kukubaliana aliona aibu. Mimi ningempigia mteja nikamweleza wazi, yeye akaona njia nyingine: akamshauri vipande viwili kwa mtu, na kachori za viazi kando zijaze sahani. Vipande 160, kilo nne kamili. Mteja akafurahi kwamba ameongezewa kachori.

Ratiba akaipanga hivi: Ijumaa moshi na kutokosa, nyama ipozwe haraka kwenye trei pana na kuingia friji, Jumamosi ukumbini ipashwe moto mpaka ifuke katikati, nyuzi 74, kisha rojo na makaa nje ya ukumbi, wageni wakisikia harufu wakiwa bado wanashuka kwenye magari. Hili la mwisho lilikuwa wazo lake, na nadhani ndilo lililompatia oda mbili zilizofuata.

Binti alipimwa, hakuwa na malaria. Jiko la mkaa sasa linakaa uani chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta.

Na ile trei ya kukinga mafuta, niliyotaka kuimwaga, wifi alininyang'anya. Maji yalipopoa mafuta yalikuwa yameganda juu, ya rangi ya dhahabu, yananuka moshi wa mpera. Akayaokota kwa kijiko akayatia kwenye kopo. Jumapili akakaangia maharage. Kaka yangu alikula sahani mbili, akakoroga bakuli kwa upawa mpaka chini, akauliza nyama imekwenda wapi.